Salio Halitoshi: Kisa cha Mtoto wa Maji ya Chai na Mita ya LUKU

Mayai yalikuwa 60, na yalikuwa na siku 18 ndani ya mashine ya kutotolea. Zilibaki siku tatu vifaranga vianze kudonoa ganda. Jirani alikuwa amekwenda msibani Machame. Aliporudi kesho yake mchana alikuta mashine imepoa, friji inavuja maji na meni swichi imeshushwa, wakati nyumba zote za pembeni umeme upo. Hakuhitaji mpelelezi. Mtaa ule wa Maji ya Chai, mkoani Arusha, wote unajua ni mtoto gani anayeingia kwenye nyua za watu kusoma mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla.

Hivyo ndivyo kisa hiki kilivyonifikia, Januari 2024. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi. Nilisomea chuo cha ualimu cha Patandi, pale Tengeru, mwendo wa kifodi (daladala) kimoja tu kutoka kwa kina mtoto huyu. Nitamwita Eliya. Siyo jina lake, na mama yake amekubali niandike, kwa sharti kwamba niandike na makosa yangu.

Eliya alikuwa na miaka minane. Usonji wake (autism) ulitajwa kwa jina akiwa na miaka minne na nusu, hospitali ya KCMC, Moshi, baada ya mama kuambiwa kwa miaka miwili kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema. Anaongea, ila kwa vipande alivyookota kwa kondakta, redioni na kwenye simu. "Shusha getini." "Bonyeza nyota." "Salio halitoshi." Hicho cha mwisho kishike, maana mimi nilikisikia miezi mitatu bila kukishika.

Kuhusu mita, sijapata kuona mtu mzima anayejua anachojua yeye. Namba ya mita ya kila nyumba ya mtaa wao, tarakimu 11, anayo kichwani. Akiona rimoti ya LUKU, kile kidude cha ndani kinachoonyesha uniti zilizobaki, anasimama mbele yake kama mtu aliyefika kwa mpenzi wake, anatikisa vidole pembeni ya macho, anasoma uniti kwa sauti. Ukimwondoa hapo ghafla anang'ata. Anaanza na kifundo cha mkono wake mwenyewe, ambacho kina sugu, halafu mkono ulio karibu, ambao mara nyingi ni wa mama. Shuleni alishamng'ata mwenzake begani, na mzazi wa yule mtoto alikuja ofisini akiwa na haki zote za kukasirika.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa mbaya, na niliutoa kwa kujiamini. Nilimwambia Mama Eliya afiche rimoti, afunge geti, na mtu yeyote asitaje uniti mbele ya mtoto kwa mwezi mmoja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mita ndiyo chanzo. Wiki ya kwanza kung'ata kulipanda kutoka mara tatu hivi hadi mara 11. Nikajitetea kwa kilichofundishwa chuoni: tabia iliyozoea kulipwa, ukiacha kuilipa, huweza kupanda kwanza kabla haijashuka. Mtoto anayelilia peremende dukani atalia zaidi siku ya kwanza unayokataa, na ukilegea katikati umemfundisha kulia kwa nguvu. Basi nikamwambia mama avumilie. Akavumilia wiki tatu, mikono ikiwa imefungwa vitambaa, na haikushuka hata siku moja. Mwishoni alinipigia simu usiku akaniambia, "Mwalimu, mimi namrudishia mwanangu rimoti yake. Wewe fanya unavyoona." Akakata.

Kanuni ile ni ya kweli, nami bado naifundisha. Ila ni kanuni ya tabia inayoendeshwa na malipo, na mimi sikuwa nimeuliza swali la kwanza kabisa: huyu mtoto anapata nini kwenye mita? Niliona kitu cha ajabu, nikakiona kikikaa jirani na kung'ata, nikakihukumu. Watoto wengi wenye usonji wana kitu chao kimoja wanachokipenda kupita kiasi. Ni mojawapo ya dalili zinazotazamwa wakati wa kupima, na mara nyingi ndicho kinachomtuliza mtoto, kama tasbihi mkononi mwa mzee.

Jibu alikuwa nalo mama. Nilipokwenda kwao kuomba radhi (nilikwenda na sukari, mwalimu haendi kuomba radhi mikono mitupu), alinieleza kwamba hadi katikati ya 2023 Eliya alipenda namba za magari tu. Mita ilianza miezi ile ya mgao wa umeme, kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha, Februari 2024. Unakumbuka usiku ule. Mtoto mwingine taa ikizima anapiga kelele, anacheza vivuli vya mshumaa ukutani, analala. Eliya alikuwa anajificha chini ya kitanda mpaka asubuhi. Halafu akagundua kwamba ndani ya nyumba kuna kitu kinachosema mapema giza linakuja lini. Kinasema kwa namba, nazo anaziamini kuliko watu.

Akagundua na jambo la pili: ukishusha meni swichi, namba haishuki tena.

Hapo ndipo mayai ya jirani yalipopata maelezo. Mama alikumbuka kwamba usiku ule Eliya alilala akirudia "tatu nukta mbili, tatu nukta mbili", naye hakujua ni tatu nukta mbili ya nani. Ilikuwa ya jirani. Mtoto aliona uniti zimebaki 3.2, mwenye nyumba hayupo, akamwokolea umeme wake.

Tuliporudisha rimoti mwezi Machi tulianza daftari. Ni kaunta buku ya kawaida, na kila siku mama aliandika safu tatu nilizomchorea: Kabla, Tendo, Baada. Sikumtaka aandike kwa nini. Aandike kilichokuwepo dakika kumi kabla, mtoto alifanya nini hasa ("kafanya fujo" haikubaliki, maana fujo ya bibi siyo fujo yangu), na watu walifanya nini baadaye. Siku ya tatu nilikuta ameongeza safu ya nne kwa kalamu nyekundu: Alisema. Mama Eliya aliishia darasa la saba. Safu ile ndiyo iliyofungua kisa, na mimi mwenye stashahada sikuifikiria.

Nakili tatu, kama zilivyo:

"Jumapili, saa 10 na robo jioni. Kabla: wageni watano, redio, nikamwambia asalimie wote. Alisema: salio halitoshi, mara tatu. Tendo: kang'ata mkono wake, halafu wangu. Baada: wageni wameaga."

"Ijumaa, saa 2:40 usiku. Kabla: anakula makande. Alisema: hajasema kitu. Tendo: kapiga kichwa ukutani upande wa kushoto, kang'ata ubao wa kitanda. Baada: kalia hadi kalala."

"Jumatatu tarehe 1. Kabla: nimenunua umeme wa elfu tano, imeingia 9.8. Alisema: kumi na nne, kumi na nne, salio halitoshi. Tendo: karusha simu, kaning'ata. Baada: nimemkumbatia kwa nguvu, kazidi."

Wiki nne zilitoa matukio 34. Katika 17 alisema "salio halitoshi" kabla ya kung'ata, dakika mbili hadi tano hivi. Sisi tulidhani anaiga simu. Alikuwa anaiga, ndiyo, lakini alikuwa ameelewa kabisa maneno yale hutokea wapi: mtu anataka jambo liendelee, na kilichobaki hakitoshi kuliendeleza. Wageni watano wa kusalimiwa, spika za kanisani, mistari miwili ya kunakili ubaoni wakati ameshachoka. Alitupa taarifa kwa Kiswahili fasaha mara 17, na mara 17 tukamjibu "Eliya, nyamaza, salimia wageni."

Ile tarehe 1 inastahili neno lake. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo ununuzi wa kwanza wa mwezi hutoa uniti pungufu. Mtu mzima anaguna, anaendelea. Eliya alijua elfu tano ni uniti 14, kama wewe unavyojua kesho jua litatoka Mashariki. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu kodi. Nani humweleza kodi mtoto wa miaka minane?

Matukio kumi hayakuwa na neno lolote. Yalitokea wakati wa kula au usiku, na karibu yote alipiga kichwa upande mmoja. Kundi hili nusura tulipite. Mtoto anapoanza kung'ata vitu vigumu au kujipiga sehemu moja ya kichwa, jambo la kwanza la kutafuta ni maumivu: jino, sikio, tumbo lililofunga. Nilimwuliza mama kama ametazama meno. Akacheka. "Mwalimu, ya kwetu si unayaona?" Akanionyesha yake, ya kahawia. Huku kwetu ndivyo tulivyo. Maji ya mteremko wa Meru yana floridi nyingi, mara nyingi kupita sana miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kuwa ukomo. Ngurdoto, hapo jirani, kuna kituo cha kutafiti namna ya kuiondoa, na mitungi yao ya kuchujia kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliwahi kuwa gumzo. Tumezoea meno ya kahawia kiasi kwamba hatuyatazami tena. Kwenye rangi ile ile, jego la chini kushoto la Eliya lilikuwa limetoboka shimo la kuingiza punje ya mahindi.

Kulitoa ilikuwa safari ya wiki tano. Hospitali ya kwanza hakufungua mdomo, na mhudumu mmoja alishauri ashikwe na watu wanne, mama akakataa. Walikubali kutupa rufaa Moshi, akalazwa usingizi wa dawa, likatoka. Kabla ya safari tulimpigia picha geti, ngazi, kiti, na barakoa ya daktari, akazitazama siku tisa. Matukio ya usiku yalikwisha mwezi ule ule. Nikiwaza kwamba kwa jino bovu tungeweza kumwandikia dawa za kutuliza akili, au kama alivyotaka bibi yake, kumfungia ndani na kufunga maombi, huwa nakaa kimya kidogo. Maombi sina ugomvi nayo. Bibi aliomba hata siku ya jino.

Yalibaki matukio saba ambayo sikuyaelewa wakati ule na siyaelewi leo.

Mpango tuliouweka Mei haukuwa na kitu cha kuvutia. Rimoti ilitundikwa ukutani kwa urefu wa macho yake, na akapewa nyakati tatu za kusoma na kuandika uniti kwenye karatasi: asubuhi kabla ya uji, akitoka shule, na kabla ya kulala. Kati ya hapo akitaka kuchungulia, achungulie. Wenzangu wawili walinishauri niifanye mita kuwa zawadi, akae vizuri saa nzima ndipo aione. Nilikataa na bado nakataa. Ukichukua kitu kinachomtuliza mtoto ukamfanya akinunue kwa kutulia, umemwomba alipe kwa fedha ambayo iko kwenye pochi uliyoishika wewe. Kuitumia kufundishia ni jambo jingine. Kutoa kwa nukta alijifunza kwa uniti za jana na za leo ndani ya wiki mbili, na kitabu cha hesabu kilikuwa kimeshindwa mwaka mzima.

Kumwondoa kwenye mita, tuliacha kumvuta. Mama huweka simu ilie baada ya dakika tano, anamwambia mara moja "ikilia, tunakwenda kula", na simu ndiyo inayomwondoa. Kwa simu hakasiriki. Ukiniuliza kwa nini, nadhani ni kwa sababu simu haibadilishi mawazo.

"Salio halitoshi" tuliipa heshima ya neno. Akilisema, yeyote aliye karibu, awe mama, bibi au mimi, anaacha alichokuwa anamtaka afanye, hapo hapo, na anampeleka nyuma ya nyumba penye kivuli cha mparachichi. Shuleni ni kona ya stoo ya vitabu. Anakaa amejifunika kanga, hakuna kumwongelesha, hakuna "pole baba, pole baba", maana kila neno ni mzigo juu ya mzigo. Walimu waliniambia atalitumia kukwepa kazi. Atalitumia, na siku nyingine amelitumia. Mtoto anayekwepa hesabu kwa maneno mawili badala ya kung'ata bega la mwenzake amepiga hatua, tutashughulika na uvivu baadaye.

Giza lilitaka kazi zaidi, kwa sababu mara nyingi rimoti ilionyesha uniti zipo na bado taa imezima. Hilo ndilo lililomvunja kabisa: namba nayo imesema uongo. Ikabidi tumfundishe maneno mawili ambayo sisi tunayatumia bila kufikiri, *umeisha* na *umekatika*. Umeme ukizima, unakwenda mlangoni, unatazama kwa jirani. Kwa jirani kuna taa: kwetu umeisha, tunanunua. Kwa jirani giza: umekatika, tunawasha taa ya sola na kusubiri. Kila Mtanzania hufanya hivi. Tulikichora kwenye kadi mbili, tukafanya mazoezi mchana mara nyingi. Sasa umeme ukizima Eliya ndiye wa kwanza mlangoni, na anatangaza kwa sauti ya kondakta: "Umekatika!" Mtaa mzima unasikia.

Meni swichi ilifungiwa kwenye sanduku lenye kufuli. Hapo hapakuwa na mjadala wa saikolojia, umeme unaua. Kwa jirani tulikwenda wote, na mama alilipa mayai kwa mitetea minne, kwa awamu. Jirani alipoelezwa ile tatu nukta mbili hakusema amesamehe. Alisema, "Kumbe alikuwa ananihurumia," akatikisa kichwa, akapokea mtetea wa kwanza. Makubaliano yakawa kwamba Jumapili baada ya ibada Eliya anapiga hodi, akikaribishwa anasoma mita yao mara moja bila kugusa. Akiambiwa leo hapana, anarudi. Hiyo "leo hapana" ilitugharimu Jumapili sita.

Baba yake ni dereva wa Fuso, yuko nyumbani mara mbili kwa mwezi. Tulizungumza mara moja tu kwa kirefu, kando ya gari. "Mwalimu, mimi nilichapwa nikanyooka. Nyie mnamlea kama yai." Sikumpa somo. Nilimfungulia daftari kwenye siku zake nne za nyumbani na kumwachia asome mwenyewe. Siku alizochapa, safu ya Baada ilikuwa ndefu, na kesho yake kulikuwa na tukio jingine mapema zaidi. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari. Hajachapa tangu siku hiyo, kwa ninavyojua. Wala hajageuka baba wa kwenye mabango: mtoto akianza kupiga kelele yeye hutoka, anakwenda kukaa ndani ya Fuso, anawasha redio. Mama anasema hilo analiweza kuishi nalo.

Oktoba tulikuwa na hofu mpya. Mita zote za LUKU zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na ukinunua umeme ulikuwa unapata makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuboresha mita, la tatu la uniti. Kwa Eliya, tokeni, yaani namba unayoingiza kwenye mita, ni tarakimu 20 tangu dunia iumbwe. Mama alimwandaa siku nne, akachora masanduku matatu kwenye karatasi na kuandika 1, 2, 3. Najua wasomaji wanatamani niseme mtoto aliingiza tarakimu 60 bila kosa na mtaa ukapiga makofi. Kundi la kwanza liliingia. La pili alikosea, akarudia, akakosea tena, akapeleka kifundo cha mkono mdomoni. Mama akasubiri. "Salio halitoshi," akasema, na kwenda mwenyewe kwenye mparachichi bila kanga. Kundi la pili na la tatu liliingizwa na bibi, amevaa miwani, dakika 20 baadaye, Eliya akichungulia dirishani na kumsahihisha.

Daftari ni la tatu sasa. Kwa mwezi kuna matukio manne, matano. Mwezi wa mvua nyingi yanafika manane. Eliya anaingia miaka tisa na nguvu zinaongezeka kuliko za mama, hilo tumeanza kulizungumza. Jana mama alinipitishia daftari akielekea soko la Tengeru. Mstari wa mwisho unasema: "Jumanne, saa 12 na nusu asubuhi. Alisema: hajasema. Tendo: kang'ata mkono wake, damu kidogo. Baada: kakaa, kasoma uniti, kaenda shule." Safu ya Kabla ameiacha wazi.